Mheshimiwa Amelala Kiti cha Nyuma

Kuna walimu wanaofundisha kwa mdomo, kuna wanaofundisha kwa fimbo, na kuna Babu Breki, aliyefundisha kwa mguu. Gari la shule ya udereva, kwa mnaojua na kwa mnaojifanya mnajua, lina breki mbili. Moja ni ya mwanafunzi, ambaye mambo yakiharibika tu huisahau. Nyingine iko upande wa mwalimu, ambaye akiisahau naye, basi watazikwa siku moja ili kupunguza gharama. Mguu wa mzee huyu ulikuwa umekaa juu ya breki hiyo ya pili kwa miaka mingi kuliko ndoa za watu wengi zinavyodumu, na ulikuwa umepata akili zake wenyewe. Akipanda gari la mtu, mguu unakanyaga sakafu kila kona mpaka mwenye gari anauliza kama kuna mdudu. Akitazama mpira kwenye televisheni, mshambuliaji akichomoka kuelekea golini, mguu unakanyaga zulia. Siku mkewe alipotoka jikoni mbio na sufuria ya maji ya moto, mguu ulimkanyaga paka.

Majivuno nayo hayakumpungukia. Alikuwa akisema madereva wote wazuri wa mji ule wamepita mikononi mwake, na wabaya wamefundishwa na wengine. Hakuna aliyempinga, maana kumpinga kulikuwa ni kujitangaza uko kundi gani.

Sasa, mzee alikuwa na mke, na mke alikuwa na kazi yake: mpishi katika jiko la shule ya msingi, kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani, tangu alfajiri mpaka watoto wamekwisha kula cha mchana. Walikuwa pia na binti, na binti alikuwa na mtoto wa kike aliyefikia ule umri wa kuweza kukimbia bila kuweza kusikia. Baba wa mtoto kazi yake ilikuwa mbali. Alionekana mwisho wa mwezi, kama mshahara, na kama mshahara hakukaa sana. Kwa hiyo binti na mtoto waliishi na wazee, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo, tangu mtoto aanze kutembea, haikuwa na kitu chochote cha maana chini ya usawa wa kiuno.

Mambo yalianza pale binti alipopata kazi ya mapokezi katika hospitali kubwa. Kazi nzuri, ya kukaa, yenye kiyoyozi na kiti kinachozunguka. Ila walimwambia kwanza atapimwa kwa miezi kadhaa, na akichelewachelewa au akikoseakosea watamshukuru kwa kuja. Na wiki ileile, dada wa kazi aliyekuwa akimlea mtoto akaaga, anakwenda kuolewa. Chekechea ikasema mtoto bado mdogo, arudi mwakani. Bibi alikuwa huru kuanzia mchana. Asubuhi ndiyo ilibaki haina mtu.

Wakakaa mezani watu wazima watatu, mtoto chini ya meza akifungua viatu vya kila mmoja.

"Asubuhi nitamchukua mimi," akasema Babu Breki.

Mkewe akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyesikia kishindo chumba cha pili. "Wewe? Utamweka wapi, Mzee? Kwenye buti, na tairi la akiba?"

"Kiti cha nyuma. Miaka yote hii kiti cha nyuma nabebea hewa."

"Na akilia?"

"Nimezoea watu wanaolia garini. Wengine wana ndevu."

Binti akacheka, kisha akaacha kucheka. "Baba, lakini una hakika? Mimi bado wananipima."

"Mwanangu, nimewavusha watu sokoni siku ya mnada, gia ya kwanza, ng'ombe huku na ng'ombe kule. Mtoto mmoja atanishinda?"

"Watatu wa kwako mwenyewe hujawahi kumwogesha hata mmoja," akasema mkewe.

"Nilikuwa natafuta riziki."

"Na mimi nilikuwa natafuta nini, madini?"

Hapo mzee akainama kufunga kamba za viatu, jambo ambalo humwokoa mwanamume katika mijadala mingi.

Kesho yake akanunua kiti cha mtoto, cha mkono wa pili lakini kizima, akakifunga nyuma kwa mikanda, akakivuta, akakisukuma, akakikalia kidogo kwa tako moja kuhakikisha. Asubuhi iliyofuata mtoto akapachikwa mle. Akalia. Alilia gari likiwa limesimama nyumbani, akalia likiwa limesimama mbele ya ofisi ya shule ya udereva, akalia mwanafunzi wa kwanza alipokuwa akirekebisha kioo. Gari lilipoanza kutembea, kimya. Babu akageuka. Mtoto alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, mate yameanza safari ya kwenda kidevuni.

"Kumbe," akasema Babu Breki.

Kundi lake msimu ule lilikuwa la watu sita, na wawili kati yao ndio wa kutazamwa. Wa kwanza alikuwa muuza nyama, mtu wa kifua na mikono, ambaye wote walimwita Bucha. Miguu yake ilijua amri mbili tu: kata, na acha. Akikanyaga breki, unasalimiana na kioo cha mbele. Wa pili alikuwa Msusi, msichana wa saluni, aliyeshika usukani kama kichwa cha mteja anayetaka kukimbia kabla ya kulipa.

Bucha ndiye aliyeingia zamu ya pili asubuhi hiyo. Akafika kwenye tuta, akakanyaga breki kwa namna yake. Nyuma kukapasuka kilio mpaka muuza maji upande wa pili wa barabara akaweka ndoo chini.

"Egesha pembeni," akasema mzee. "Zima. Sasa mbembeleze."

"Mimi?"

"Nani kamwamsha?"

"Mzee, mimi nimelipia udereva."

"Udereva umelipia. Malezi nakupa bure. Anza."

Bucha akajipinda kuelekea nyuma, lijitu zima, akajaribu wimbo wa timu yake ya mpira. Mtoto akazidisha, na nani angemlaumu, timu ilikuwa inashuka daraja. Bucha akaishiwa nyimbo. Mwishowe akaanza kuimba kitu pekee alichokijua kwa moyo, polepole, kwa sauti ya mtu anayetikisa susu: "Pajaa… mbavuu… kidarii… shingoo… mkiaa… inii, na figoo…" Kufika kwenye firigisi, ambayo hata si ya ng'ombe, mtoto alikuwa amelala.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya gari: umwamshaye, unambembeleza. Ikafanya kazi ambayo makelele ya mwalimu hayakuwahi kuifanya. Bucha alikuwa amefundishwa wiki nzima kuachia klachi polepole akashindwa. Sasa, kwa hofu ya kuimba maini mbele ya watu, mguu wake ulilainika ukawa kama wa fundi cherehani. Msusi akaacha kunyonga usukani. Ni yeye aliyempa mtoto jina. "Jamani, naendesha kama nimebeba waziri," alisema, akachungulia kiooni. "Mheshimiwa amelala." Likashika. Wanafunzi wakawa wanafika asubuhi wanauliza kwanza, "Mheshimiwa yupo?" ndipo wanamsalimia mwalimu.

Basi ungeliona gari lile. Liliingia kwenye kona kama kijiko kwenye uji. Lilipanda tuta na kushuka bila abiria kujua kwamba pana tuta. Honi haikuguswa kabisa. Ukungu wa vumbi ulikaa juu yake kama juu ya kitabu cha mvivu. Na mle ndani watu walinong'ona.

"Gia ya pili," ananong'ona mwalimu.

"Nimeweka," ananong'ona Bucha.

"Kushoto."

"Sawa."

Mpita njia aliyewasogelea kwenye taa nyekundu angedhani wanapanga kuvunja benki.

Mzee akavimba. Kwenye benchi la nje ya ofisi, walimu wenzake wakinywa chai, aliwaambia, "Nyinyi mnafundisha magari. Mimi nafundisha adabu." Akaanza kuiita "njia yangu". Akasema akistaafu ataizungukia nchi nzima kuieleza. Ukweli ni kwamba kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulitangaza benchini. Kioo cha kati cha gari, ambacho kazi yake ni kuonyesha magari ya nyuma, alikuwa amekipinda kidogo upande wake. Ndani yake alimwona mtoto amelala na viatu vyake vidogo vimeangalia nje, kimoja mara nyingi kimeshavuliwa. Watoto wake mwenyewe aliwaona usingizini mara chache, nao wamefunikwa gubigubi, yeye amerudi amechoka. Huyu alimwona mchana kweupe, jua limempiga shavuni. Ndiyo maana kila gari lilipotikisika kidogo, aliyeshtuka kwanza ndani ya gari hakuwa mtoto.

Siku ya mtihani ikafika. Ulikuwa mtihani wa mchana, mtoto yuko kwa bibi yake, kiti kitupu kimeondolewa. Mtahini alikuwa askari wa trafiki, bwana mfupi mwenye kofia ngumu na kalamu ngumu zaidi. Babu Breki akakaa kwenye kivuli cha ukuta, mguu juu ya mguu, akijiandaa kupongezwa.

Bucha aliingia wa kwanza. Aliondoka vizuri mpaka mzee akafumba macho kwa raha. Wakafika kwenye kona isiyoona mbele, pale ambapo sheria inataka upige honi. Bucha akapita kimya, kama mtu anayepita mbele ya msiba. Mtahini akaandika. Wakafika barabara nyoofu, mtahini akapiga dashibodi kwa kiganja, pa! Maana yake: breki ya ghafla, mtoto ameruka barabarani, tuone. Na Bucha akafunga breki. Aliifunga kwa upole, kwa upendo, kidogo kidogo, gari likashusha mwendo kama mzee anavyokaa kwenye kiti cha chini, likasimama mbali kabisa, mbele ya duka ambalo walipoanza lilikuwa halionekani jina.

"Nimekwambia simama ghafla!" akasema mtahini.

Bucha akaweka kidole mdomoni. "Afande," akanong'ona, "pole pole."

Msusi naye vivyo hivyo. Na wa tatu, na wa nne. Wote sita waliangushwa kabla jua halijazama. Mtahini akamfuata mwalimu pale kivulini.

"Mzee, hawa umewafundisha kuendesha nini? Jeneza?"

"Haraka haraka…" akaanza Babu Breki.

"Haina baraka, naijua. Ya kwenu hata safari haina."

Habari ikamtangulia ofisini. Mwenye shule alikuwa mwanamke wa makamo ambaye walimu wote walimwita Madamu, na ambaye zamani, msichana mwembamba, alijifunza udereva kwa Babu Breki huyuhuyu. Kwa hiyo alimheshimu, lakini heshima ina breki zake pia.

"Babu, sita kwa sita."

"Wamepaniki."

"Hawakupaniki. Ndiyo shida yenyewe! Mtu katulia mpaka anamgonga mtu!" Akashusha sauti. "Kuna wateja wawili sasa hivi wamepiga simu, wanauliza kama sisi ndio ile shule ya jeneza. Mimi mtoto nampenda, nimempa biskuti kwa mkono wangu. Lakini wanarudia mtihani wiki mbili zijazo. Wengi wao wakifaulu, sawa, endelea naye. Wakifeli, mtoto asionekane tena kwenye gari langu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu."

"Hapa kazini ni Madamu."

"Tumeelewana, Madamu mwanangu."

Akarudi nyumbani, akanawa, akala, akasifia mboga, na hakusema neno. Mkewe alimtazama, maana mzee yule hakuwa na desturi ya kusifia mboga. Siku ya pili yake Bibi akapita buchani kununua nyama ya supu, na Bucha, akiwa na shoka mkononi na huruma usoni, akamwambia, "Mama, mpe pole sana Mzee. Tumemwangusha. Na Mheshimiwa naye sijui atakwenda wapi sasa."

Alivyofika nyumbani Bibi hakuweka hata nyama chini.

"Kwa hiyo mimi habari za nyumba yangu nauziwa buchani, kwa kilo?"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Umeupata. Sema."

Akasema. Hakujua kwamba binti alikuwa amerudi mapema, amesimama mlangoni na mkoba begani, kitambulisho cha hospitali bado shingoni, mtoto amemkumbatia mguu. Binti aliingia akakaa.

"Baba, basi. Nitawaaga kazini. Nitatafuta nyingine mtoto akikua."

"Hakuna anayeaga kitu!"

"Na wakifeli tena? Nitampeleka wapi asubuhi, Baba? Nimweke kwenye droo ya mapokezi?"

"Mimi naacha jikoni," akasema Bibi.

"Mama, wewe ukiacha jikoni, shule nzima italala njaa, na sisi pia. Niacheni mimi, kazi bado haijanizoea."

Mzee akatazama huku na huku. Wanawake wawili wanagombania nani apoteze kazi, na mtu wa tatu, chanzo cha yote, amechukua kitunguu kwenye mfuko wa nyama anajaribu kukiuma.

"Nipeni mpaka mtihani," akasema. Hakuna majivuno hapo. Sauti ilikuwa ndogo, mpaka mkewe akamkagua usoni kama ana homa. "Mpaka mtihani tu. Wakifeli, nitakwenda mwenyewe kumweleza bosi wako, mwanangu, kwamba kosa si lako."

"Bosi wangu wewe usimguse," akasema binti, lakini alikubali. "Mtihani. Baada ya hapo, siku ileile naaga."

Kusema ni rahisi. Kesho yake mzee akawaambia wanafunzi kwamba sasa wanajifunza kufunga breki ya ghafla na kupiga honi. Bucha akatazama kiooni, Mheshimiwa amelala, shavu limemwagika upande. "Yaani sasa hivi?" akanong'ona.

"Sasa hivi," akanong'ona mwalimu.

Msijidanganye kwamba ilikuwa rahisi. Bucha alinyanyua kiganja kukielekeza kwenye honi kikaishia njiani kama mkono wa mtoto kwenye sahani ya mgeni. Breki ya ghafla akaifunga ile yake ya kutua yai. Mzee akafungua mdomo akaripie, akatazama kioo, akaufunga. Akaomba wanafunzi waje mchana, mtoto akiwa na bibi yake. Bucha mchana ana wateja, Msusi mchana ana vichwa vitatu vinamsubiri, na hao waliokuja hawakusaidia kitu, maana hata kiti kikiwa kitupu waliendelea kunong'ona. Samaki mkunje angali mbichi, nao walikuwa wamekwisha kukunjwa na kukaushwa. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo. Babu Breki akapunguza chakula, akamwita mkewe "mama watoto", akaacha kukaa benchini na wenzake.

Wokovu ulikuja kwa mkokoteni.

Ilikuwa asubuhi, Bucha yuko kwenye usukani, Mheshimiwa nyuma, mkanda umekazwa. Wakiwa kwenye barabara ya kiwanda cha matofali, mkokoteni umejaa viazi ukachomoka uchochoroni, msukumaji akiwa upande wa nyuma haoni kitu. Bucha akaanza kufunga breki. Kwa upole. Kwa upendo. Viazi vikakua mbele ya kioo, kila kimoja na macho yake. Mzee akatazama viazi, akatazama kioo cha kati, na kwa muda mfupi kabisa, mguu ule maarufu, mguu uliomkanyaga paka, ukasita. Ndiyo, ukasita, kwa ajili ya usingizi wa mtoto. Kisha ukakumbuka kazi yake ukakanyaga mpaka chini. Gari likapiga kelele, likainama pua, likasimama. Msukumaji akapita na viazi vyake hata hakugeuka.

Ndani ya gari hakuna aliyepumua. Walisubiri kilio. Bucha alishaanza kusafisha koo, "Pajaa…"

Nyuma kukatoka kicheko. Kicheko chenyewe, cha kutoka tumboni, cha mtu aliyeona kitu kizuri kwa mara ya kwanza. Mheshimiwa alikuwa na macho mekundu ya usingizi, nywele zimesimama, miguu inapiga hewa.

"Tena, Babu! Tena!"

Bucha akamtazama mwalimu. Mwalimu akamtazama Bucha.

"Ina maana wiki zote hizi…" akasema Bucha, kwa sauti yake halisi, ambayo walikuwa wameisahau, nzito kama ngoma.

"Endesha," akasema mzee. Alikuwa akijifuta uso, na alichelewa kidogo kumaliza kujifuta. "Umemsikia Mheshimiwa. Tena."

Basi wakaenda uwanja wa zamani wa maonyesho, mahali hapana watu, na asubuhi yote walifunga breki. Mheshimiwa ndiye aliyekuwa akitoa amri. Alipopiga kelele "Tena!" Bucha anakanyaga, gari linainama, mtoto anacheka mpaka anapata kwikwi. Kisha honi. Akagundua honi inamjibu: yeye akisema "pii", gari linasema "piii". Msusi alipofika zamu yake alimkuta mwalimu amegeuza kichwa nyuma, anapiga "pii" na mjukuu wake kama wendawazimu wawili. Kelele ilikuwa kubwa mpaka kunguru walihama uwanja.

Mzee akapanga kazi upya. Mtoto akilala, wanajifunza upole: kona, tuta, kuegesha. Akiamka, wanajifunza kelele: honi, breki, kujibu haraka. Na kwa kuwa hakuna aliyejua ataamka saa ngapi, wanafunzi walijifunza kukaa tayari kwa yote mawili, jambo ambalo, ukilifikiria, ndilo udereva wenyewe. Kioo cha kati alikirudisha mahali pake. Karibu mahali pake.

Mtihani wa marudio ulifanyika asubuhi, kwa hiyo safari hii mtoto alikuwepo, amepakatwa na babu yake pale kwenye kivuli cha ukuta, na mguu wa mzee ulikuwa ukikanyaga udongo mpaka umechimba shimo. Alijua binti yake muda ule yuko kwenye kile kiti kinachozunguka, anawaandikisha wagonjwa, na pengine anapanga maneno ya kuaga.

Bucha akaondoka. Kona isiyoona mbele: honi, ndefu, ya mtu mwenye haki. Barabara nyoofu: mtahini akapiga dashibodi, pa! Bucha akakata. Kofia ngumu ikatoka kichwani ikagonga kioo cha mbele, ikarudi, ikamwangukia mwenyewe mapajani. Mtahini akaiokota, akaipangusa.

"Samahani, afande," akasema Bucha.

"Usiombe samahani," akasema mtahini, akiandika. "Kofia haina mkanda. Kosa langu."

Msusi akapita safi. Wawili wengine wakapita. Mmoja akaanguka kwa kuwasha waipa badala ya indiketa, akageuza kona anafuta kioo kikavu. Mwingine akaanguka kwa sababu zake mwenyewe ambazo hazina haja ya kusemwa, ana familia. Wanne wakafaulu. Madamu alipoletewa matokeo aliyasoma amesimama, akamtazama mtoto aliyekuwa ameshika kalamu yake na kuchora kwenye meza yake.

"Babu, kaa na mtoto wako," akasema. "Mpaka chekechea. Na huyo anayewasha waipa, mrudishe kwenye uwanja wenu, Mheshimiwa amshughulikie."

Mtu wa kawaida angempigia binti yake simu. Babu Breki hakuwa mtu wa kawaida, na aliwahi kusema hivyo mwenyewe mara nyingi. Akamfunga mtoto mkanda, akaendesha mpaka hospitali, akasimama nje ya lango kuu, mbele ya kile kibao chenye tarumbeta iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Akapiga honi. Ndefu. Nyuma yake Mheshimiwa akajibu, "Piii!" Akapiga tena.

Mlinzi akaja mbio, kofia mkononi. "Mzee! Mzee! Huoni kibao? Humu kuna wagonjwa!"

"Watapona," akasema Babu Breki, akapiga ya tatu.

Dirisha la mapokezi likafunguka. Binti akachungulia, akaona gari, akaona herufi nyekundu ya mwanafunzi juu ya paa, akaona baba yake ametoa mkono wote nje anaupunga kama mwanasiasa. Akatoka akija mbio na viatu vyake vya kazi, anacheka, anamwomba mlinzi radhi, anashika mdomo, vyote kwa pamoja.

"Baba! Umekuja kunifukuzisha kazi?"

"Kazi unayo, na mtoto ninaye," akasema mzee. "Rudi ndani. Unalipwa bure."

Binti hakurudi mara moja. Aliingiza kichwa dirishani akambusu mtoto, kisha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mdogo, akambusu baba yake kwenye upara, sauti ikasikika mpaka kwa mlinzi. Kisha akakimbia, maana foleni ya wagonjwa ilikuwa imeanza kutoka nje kuangalia sinema.

Mzee akawasha indiketa, akatazama vioo vyote vitatu, akaondoka kuelekea jiko la shule kumpa mkewe habari. Njia ile si ndefu, lakini alikuwa na mengi ya kupanga kichwani. Pale hospitalini wanafunzi waliofaulu walikuwa bado wanne. Mzee alipofika kwenye mzunguko walikuwa watano. Na alipoegesha mbele ya jiko, mkewe akatoka na mwiko mkononi, uso una moshi na wasiwasi, akauliza, "Haya Mzee, sema, wangapi?" Babu Breki akashuka, akafunga mlango wa gari kwa fahari, akamjibu kwamba katika wale sita, wamefaulu saba.